Kazi ya Kuunga Mguu Uliovunjika

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mfasiri mmoja wa serikali mbele ya mkutano wa wenyeji wa Skuta, Nyeri. Yamechapwa hapa ili wasiohudhuria nao wapate kuyasoma.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo nalijua kwa mwili wangu mwenyewe, wala si kwa kusoma vitabuni tu. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufasiri maneno ya watu wengine, na leo kwa mara moja nitasema yangu. Basi sitawafundisha kazi ya daktari, bali nitawaeleza kazi ya mgonjwa. Nimekwisha kuona ya kuwa mtu akivunjika mguu vibaya, daktari hufanya kazi yake kwa saa mbili au tatu, na mgonjwa hufanya yake kwa mwaka mzima. Mgonjwa akiitupa kazi yake, ya daktari nayo huharibika.

Miaka miwili iliyopita, katika mvua za masika, nilipanda pikipiki nikitoka kazini jioni. Barabara ilikuwa na utelezi, gari likatutokea mbele ghafula, na kijana aliyeniendesha akageuza pikipiki ili tusiligonge. Tulianguka sote wawili. Yeye alichubuka mikono. Mimi nilitazama mguu wangu wa kushoto nikaona umepinda mahali pasipo na kiungo, na ncha ya mfupa wa muundi imetokeza nje ya ngozi. Simlaumu kijana yule. Alifanya aliloweza, na hospitalini alikuwa wa kwanza kuja kunitazama.

LA KUFANYA PALE BARABARANI

Watu walikuja upesi, kama ilivyo desturi yetu, nao walikuwa na huruma nyingi. Lakini huruma isiyo na maarifa yaweza kudhuru. Mmoja alinishika makwapa, mwingine akaushika ule mguu, wakataka kunitupa nyuma ya gari la mizigo. Mama mmoja muuza mboga aliwapigia kelele waache. Alitwaa kanga yake safi akalifunika jeraha, akaomba ubao wa sanduku la nyanya, akaufunga mguu wangu juu ya ubao ule kwa vitambaa, juu ya jeraha na chini yake, wala si juu ya jeraha lenyewe. Ndipo akawaruhusu waniinue, watu wanne pamoja, mmoja akiwa na kazi ya kuushika mguu tu.

Mama yule alifanya jambo ambalo mataifa makubwa yalijifunza kwa hasara. Katika vita vya kwanza vya dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, askari wengi waliovunjika mfupa wa paja walikufa kabla ya kupona, kwa sababu walibebwa huku mifupa ikichezacheza na kukata nyama na mishipa ya damu. Ndipo majeshi ya Uingereza yakaanza kutumia banzi la chuma lililobuniwa zamani na daktari wa Wales, jina lake Hugh Owen Thomas, ili mguu ufungwe usitikisike tangu pale pale vitani. Vifo vikapungua sana. Banzi lile lingali likitumika mpaka leo. Lakini ubao wa sanduku, au hata mguu mzima uliofungwa pamoja na ule uliovunjika, hufanya kazi hiyo hiyo mpaka ufike hospitali.

Kwa hiyo yashikeni haya. Msimburute mtu aliyevunjika mguu. Msiusukume ndani mfupa uliotokeza. Lifunikeni jeraha kwa kitambaa safi, na kama damu yabubujika, ligandamizeni. Ufungeni mguu usicheze. Wala msimpe chai wala chakula, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi usiku ule ule, na tumbo lililojaa ni hatari kwake. Kisha mpelekeni upesi. Mfupa ukitoka nje, vijidudu vya udongo huingia ndani, na dawa za kuviua hufaa zaidi zikipatikana katika saa za kwanza. Hupewa pia kinga ya pepopunda.

CHUMA NDANI YA MFUPA

Hospitalini walinipiga picha ya eksirei, wakaniosha jeraha kwa maji mengi sana, wakaondoa uchafu na nyama iliyokufa. Daktari wa upasuaji akanieleza ya kuwa atapitisha chuma kirefu ndani ya tundu la uboho, toka chini ya goti hadi karibu na kifundo, na kukikaza kwa parafujo juu na chini. Nakiri ya kuwa niliogopa. Nilidhani mfupa wenye chuma ndani yake si mfupa tena.

Baadaye nilisoma habari ya chuma hicho. Alikianzisha daktari Mjerumani aitwaye Gerhard Küntscher, katika mji wa Kiel, mwaka 1939. Wakati huo watu wengi walikawia kitandani miezi kadhaa, mguu ukivutwa kwa mizigo ya kuning'inia. Mgonjwa wa Küntscher aliweza kuondoka kitandani mapema, kwa kuwa chuma kilishika mfupa toka ndani kama kigongo kilichotiwa ndani ya mwanzi. Na mwaka 1999 daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la kutengeneza vyuma vya namna hiyo kwa ajili ya hospitali zisizo na mitambo ya eksirei katika chumba cha upasuaji, na vyuma hivyo vimetumika katika hospitali kadhaa za Afrika ya Mashariki.

Wala ujuzi huu si wa kupokea kutoka ng'ambo tu. Huko Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, madaktari waliwafuata kwa mwaka mmoja wagonjwa zaidi ya 200 waliovunjika muundi na mfupa kutoka nje kama wangu. Wengine walitiwa chuma cha ndani, wengine fremu ya chuma iliyo nje ya mguu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Kwa habari ya usaha na kupasuliwa tena, njia hizo mbili hazikutofautiana sana, lakini waliotiwa chuma cha ndani walikuwa na hali njema zaidi katika majuma ya kwanza, na mifupa yao ilinyoka vizuri zaidi. Basi mtu akiambiwa atatiwa fremu ya nje, asidhani amedharauliwa. Kila moja ina mahali pake, na daktari hutazama jeraha kabla ya kuchagua.

MAMA YANGU NA MGANGA WA MIFUPA

Katika wadi yetu alikuwapo kijana mmoja, kitanda cha tatu toka changu. Yeye alivunjika mguu bila mfupa kutoka nje, tena si vibaya kama mimi. Jamaa zake walimpeleka kwa mtu aungaye mifupa kwa vijiti. Mguu ukafungwa ukakazwa sana. Usiku alilia ya kwamba vidole vimekufa ganzi, akaambiwa avumilie, ndiyo dawa inaingia. Siku ya nne vidole vilikuwa vyeusi. Alipoletwa hospitali hapakuwa na la kufanya ila kuukata mguu chini ya goti. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Siwadharau waungaji wa mifupa. Mama yangu aliniambia ya kuwa mjomba wangu aliungwa mkono na mzee mmoja wa kijijini kwetu, naye akalima kwa mkono ule mpaka uzee wake. Ni kweli, kwa maana mfupa hujiunga wenyewe ukitulizwa mahali pake, na mzee yule alijua kuutuliza. Hatari ni mbili: jeraha lililo wazi, na kufunga kwa kukaza. Mguu uliovunjika huvimba. Ukifungwa usiwe na nafasi ya kuvimba, damu haipiti, na nyama hufa. Hata plasta ya hospitali yaweza kuleta balaa hiyo. Kwa hiyo kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, au vidole vimekufa ganzi, vimekuwa baridi, au vimebadilika rangi, msingoje asubuhi. Rudini hospitali usiku huo huo.

Juma la tatu, nilipokwisha kurudi nyumbani, mama alikuja akisema nimepotezewa siku, twende kwa mwungaji akauvute mguu. Nami kwa uchungu niliokuwa nao nilikaribia kukubali. Nilimheshimu mno kuweza kumkatalia kwa maneno matupu. Nikatwaa picha yangu ya eksirei, nikampa aitazame mbele ya dirisha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaona chuma kimesimama ndani ya mfupa na parafujo zake. Akasema, "Mwanangu, hicho hakivutwi kwa mkono wa mtu." Tangu siku hiyo hakunitajia habari ya mwungaji tena, bali aliniletea maziwa kila asubuhi.

KAZI YA KILA SIKU

Sasa nawaeleza kazi yenyewe. Mfupa ukivunjika, damu huganda pale penye mvunjiko. Katika majuma mawili matatu ya kwanza hufanyika kitu laini kama gundi kiunganishacho ncha mbili. Kisha, kwa muda wa majuma mengi, kitu hicho hugeuka mfupa mchanga. Baadaye mwili huuchonga mfupa huo polepole mpaka ufanane na ule wa kwanza, na kazi hiyo huweza kuchukua mwaka na zaidi. Mfupa wa muundi ni mvivu kuliko mingine mingi, kwa kuwa kwa mbele hauna nyama ya kuuletea damu. Mara nyingi hutaka miezi minne hadi sita, na kama ulitoka nje, huenda ukazidi. Basi mtu asimwonee wivu jirani yake aliyepona mkono kwa majuma sita.

Kitandani nilifundishwa mambo matatu, nikayafanya kila saa niliyokuwa macho: kuvuta vidole na kifundo juu na chini, kukandamiza goti kitandani mpaka nyama ya paja ikaze, na kuinua mguu wote ukiwa umenyoka. Yaonekana kama mchezo wa mtoto, lakini ndiyo yazuiayo damu isigande mguuni, na kifundo kisikauke kikaelekea chini. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafula na pumzi kuwa fupi, ni jambo la kukimbilia hospitali, maana huenda damu imeganda.

Magongo nayo yana elimu yake. Kichwa cha gongo kisiguse kwapa, bali kiwe chini yake kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na uzito ukae mikononi. Mtu akiyaegemea kwa makwapa siku nyingi, mishipa ya fahamu hubanwa, na mkono hulegea. Akipanda ngazi, atangulize mguu mzima, kisha magongo na mguu mgonjwa. Akishuka, atangulize magongo na mguu mgonjwa, kisha ule mzima. Nasi watu wa milimani tunaijua mitelemko yetu. Nyakati za matope ni afadhali mtu ashinde nyumbani kuliko kuvunjika mara ya pili.

Chakula hakihitaji fedha nyingi. Mwili hujenga mfupa kwa maharagwe, mayai, maziwa, omena, nyama ikipatikana, na mboga kama terere na managu. Lakini kuna kitu kimoja cha kuacha, nacho ni sigara. Moshi wake huzuia damu isifike penye mvunjiko, na mifupa ya wavutaji hukawia kuungana, mingine haiungani kabisa. Mimi nilikuwa nikivuta. Niliacha siku niliyoambiwa hivyo, na sitaki kuwaambia ya kuwa ilikuwa rahisi.

Jeraha pia lina lugha yake. Likiwa kavu na kupungua wekundu, linasema jema. Likitoa usaha au harufu, au mgonjwa akipata homa, asijipake majani wala asinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Arudi kwa waliompasua. Usaha ukikaa ndani ya mfupa huweza kudumu miaka.

Tena kuna habari ya fedha. Mguu kama wangu hauvunji mfupa tu, huvunja na akiba ya nyumba. Mwezi wa Oktoba 2024 bima ya zamani, NHIF, iliondolewa, na mahali pake ikaingia SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa naye hutakiwa kuchangia kadiri ya mapato yake, yasipungue shilingi 300 kwa mwezi. Nawasihi vijana wa pikipiki wajiandikishe kabla ya ajali. Mtu hachimbi kisima siku nyumba inapoungua.

KIATU HAKISEMI UONGO

Sasa nataka kuungama kosa langu. Mwezi wa nne daktari alitazama picha akasema, "Mfupa wako umeanza kuungana vema. Kanyaga." Nikamjibu ndiyo, nikaenda nyumbani, nisikanyage. Niliogopa. Kila nilipotaka kuutua mguu chini nilisikia tena ule mlio wa siku ya mvua. Nikawa nagusa ardhi kwa ncha ya kidole tu, nikiwaambia watu ya kuwa ninatembea. Mke wangu aliponiuliza nilikasirika. Nilitumwa kazini kwa barua nikaomba nyongeza ya ruhusa, nikiandika maneno mazuri sana, maana kuandika ndiyo kazi yangu.

Baada ya majuma sita nilirudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, bibi mmoja mpole asiyesema sana. Nilimwambia ninatembea kila siku. Hakunijibu. Aliniomba viatu vyangu, akavigeuza vyote viwili akavilaza mezani. Soli ya kulia ilikuwa imelika kisiginoni. Ya kushoto ilikuwa mpya kama siku niliyoinunua. Akasema, "Bwana, kiatu hiki kingali dukani."

Niliona haya kuliko siku yo yote ya ugonjwa wangu. Ndipo akanieleza jambo ambalo lilikuwa limejulikana tangu mwaka 1892, alipolichapisha daktari Mjerumani, Julius Wolff: ya kuwa mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba. Ukitwishwa, huongeza nguvu. Ukipumzishwa mno, hudhoofika. Kabla ya daktari kusema, kukanyaga ni kuharibu, hasa kwa wale waliotiwa bamba la chuma badala ya msumari wa ndani. Lakini akiisha kusema, kutokukanyaga ni kuharibu vile vile. Mimi nilikuwa nimejihesabu kuwa mvumilivu, kumbe nilikuwa mwoga aliyevaa kanzu ya uvumilivu.

Siku ile ile alinisimamisha juu ya mizani ya kupimia watu, mguu wa kushoto peke yake, magongo mikononi. Akaniambia niukandamize mpaka sindano ifike kilo 10. Nikafanya, na mfupa haukulia. Kesho yake 15. Baada ya juma moja, 25. Hivyo ndivyo hofu ilivyoondoka, kilo kwa kilo, wala haikuondoka kwa kuhubiriwa. Bandu bandu huisha gogo. Mwezi wa saba niliweka gongo moja nyuma ya mlango. Mwezi wa tisa niliweka la pili. Mke wangu hakusema neno, ila alikitwaa kile kiatu cha kushoto akakitia kiraka, kwa maana sasa kilikuwa kimelika.

MANENO YA MWISHO

Sikuja kuwaambia ya kuwa nimekuwa kama zamani. Mguu wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia, na katika baridi yetu ya mwezi wa Julai hunikumbusha habari zake kabla sijaamka. Chuma kingali ndani, na daktari asema chaweza kukaa humo siku zangu zote kama hakinisumbui. Lakini natembea kwa miguu yangu kwenda kazini, na mvua ikinyesha hupita karibu na mama yule muuza mboga, nikanunua nyanya hata kama nyumbani zipo.

Nawaomba mambo matatu tu. Wanaomwinua aliyeanguka wamwinue kwa maarifa. Jamaa zake wamfikishe hospitali kabla mguu haujawa mweusi. Na mgonjwa mwenyewe, akiisha kuambiwa kanyaga, akanyage. Yule kijana wa kitanda cha tatu alipata mguu wa bandia, nami nilimwona akijifunza kuutumia siku ile ile niliyojifunza kusimama juu ya mizani. Alikuwa akinitangulia kwa hatua nyingi. Nilipomwuliza haogopi, alicheka akasema kuogopa amekwisha kuogopa siku ya nne. Wahenga wetu walinena ya kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na siku ile niliyaona maneno yao yakitembea mbele yangu.